Jenereta lenu halina shida, shida ni fundi mliyenitumia

Nianze na haki yao: jenereta lenyewe linapiga kazi. Friji, taa, tivii na feni linavibeba vyote, na ukivuta kamba mara moja limeitika. Habari za wati na lita sizigusi, zimeandikwa ubavuni kila mtu akasome. Mimi nina hoja na hiki kinachoitwa "kufungiwa bure mpaka nyumbani", walichokibandika mlangoni pale dukani kwao Kariakoo kwa herufi kubwa.

Fundi alikuja jioni, umeme umekatika kama kawaida. Hata boksi hajalifungua, swali la kwanza: "Mzee yupo?" Nikamwambia mzee hayupo, jenereta nimenunua mimi na risiti ina jina langu. Akaguna. Akalibeba mpaka kwenye korido ya nyuma, kati ya jiko na chumba wanacholala watoto, akalitua pale.

"Hapa ndiyo penyewe mama. Wezi hawalioni."

Na moshi je? Akasukuma kidirisha cha wavu. "Huo utatoka wenyewe."

Utatoka wenyewe! Jamani, mara ngapi tumesikia watu wamelala na jiko la mkaa ndani kwa sababu ya baridi, asubuhi mlango unavunjwa? Gesi ni ileile, kaboni monoksaidi, na injini ya petroli inaimwaga kupitia ekzosi muda wote inapowaka. Haina rangi wala harufu. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, kichwa kinauma, usingizi unakuja, unadhani ni uchovu wa foleni. Kufungua dirisha hakutoshi, feni nayo haisaidii. Wamarekani, ambao hupoteza watu kwa majenereta kila vimbunga vikiwakatia umeme, wanashauri likae nje kabisa, angalau futi 20 kutoka kwenye milango na madirisha. Hizo ni kama mita 6. Yeye kaliweka hatua chache kutoka kitanda cha mwanangu.

Boksi lenyewe lina mchoro: nyumba, jenereta ndani yake, mstari mwekundu juu. Nikamulika na tochi ya simu, nikamwonyesha. Akajibu, "Hayo Wachina wanaandika tu."

Nilidhani tumemaliza. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa waya wenye plagi huku na huku. Upande mmoja kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya ukutani, eti nyumba nzima inawaka. Sasa hebu fikiria: ukichomeka upande wa jenereta kwanza, yale meno ya upande wa pili yana volti 230, yako wazi, na watoto wanakimbizana gizani. Na kama meinswichi haijazimwa, umeme wako unatoka mpaka kwenye transfoma ya mtaa, unapita kinyumenyume na kupandishwa kufikia volti 11,000. Huko juu ya nguzo yupo kijana wa TANESCO anayeamini laini imekufa. Umeme wao nao ukirudi ghafla ukalikuta jenereta linanguruma, usiulize kitakachoungua.

Nikamwuliza chenjiova iko wapi, ile swichi ambayo ama uko TANESCO ama uko jenereta, vyote viwili kwa pamoja haiwezekani. "Hiyo inauzwa kando, na kuifunga siyo bure. Wewe kumbuka tu kuzima meinswichi." Kumbuka tu! Usiku wa manane, joto la Dar, mtoto analia, nikumbuke tu.

La petroli nalipitia haraka maana damu inachemka: alitaka kuongeza mafuta injini ikiwa inawaka, dumu mkononi, juu ya ekzosi ya moto. Nilipomzuia akacheka. "Kwani mama umesomea umeme?"

Nilimfungulia geti.

Nikapiga simu dukani. Kaka wa pale, mpole kweli, sauti ya asali, akaniambia: "Dada usiwe na wasiwasi, wateja wetu wote tunawafungia hivyo." Hilo ndilo alilonipa kunituliza. Wote!

Nilikuwa nimepanga kutoa nyota tatu, kwa sababu mashine ni nzuri na bei haikuniumiza. Nikishusha sana, mbili. Fundi wangu mwenyewe amekuja, amefunga chenjiova, jenereta liko uani nyuma chini ya kibati, limefungwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo ya zege, hao wezi waje. Linazimwa na kupoa kwanza ndipo linawekwa mafuta. Jirani analalamikia kelele, na ana haki, nimemwahidi mwisho saa nne usiku. Basi nikasema yaishe, nyota tatu ziwe tatu.

Lakini juzi juzi nimeulizia oili, wakanijibu kwamba waranti yangu imekufa, eti kwa kuwa nimetumia "fundi wa nje". Haya, sasa sitoi hata moja. Na karatasi yao ya waranti ninayo hapa mezani. Wanionyeshe ni mstari gani unaosema nilipaswa kukubali ule waya wa plagi mbili.