Mafungo ya wagonjwa na wafiwa wilayani Masasi: maoni ya mshiriki

Mafungo haya, yaani siku za kujitenga kwa sala na ukimya, huandaliwa na nyumba ndogo ya kiroho iliyo kando ya barabara itokayo Mingoyo kwenda Masasi, nayo hupangwa karibu na tarehe 11 Februari, siku ambayo Kanisa Katoliki limeitenga tangu 1993 kwa ajili ya wagonjwa duniani kote. Kwa watu wa Mtwara na Lindi wakati huo unafaa, kwa kuwa mauzo ya korosho huwa yamekwisha na wengi wana nauli. Nilishiriki baada ya kumzika mume wangu, aliyeugua kwa muda mrefu.

Ubora mkubwa wa huduma hii ni kwamba inaanza na malalamiko. Siku ya kwanza hakuna anayetakiwa kushukuru wala kutoa ushuhuda. Sista anasoma sura ya tatu ya Kitabu cha Ayubu yote, mahali ambapo Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, kisha watu wanaachwa wanyamaze. Baadaye anaeleza kwamba rafiki zake Ayubu walifanya vema walipoketi naye chini siku 7 bila kusema neno, wakakosea walipoanza kumfafanulia sababu ya mateso yake, na kwamba mwishoni Mungu anawakasirikia wao, wala si yule aliyelalamika. Mimi nilikuwa nimeacha kusali kwa sababu kila sala niliyoifahamu ilinidai utulivu ambao sikuwa nao. Tuliposoma Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani na bado mtunzi wake anamwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu", niliweza kusali tena, kwa hasira na machozi, na nikajua kwamba ninasikilizwa. Ukaribu huo na Mungu sikuwahi kuuonja katika miaka yangu ya raha.

Njia ya Msalaba, yaani ibada ya kupita vituo vinavyokumbusha mateso ya Yesu, hufanyika alfajiri, mlimani. Katika kituo cha kumi na mbili, cha kifo cha Yesu, Padri alitukumbusha kwamba Yesu mwenyewe alikufa akiwa na maneno ya Zaburi ya 22 kinywani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", kisha akazungumzia mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ya Nyangao ilipoharibiwa na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha, na misheni ya Ndanda ikaanzishwa mwaka uliofuata. Nilimshukuru kwa kutoishia hapo, maana aliwaombea pia wenyeji waliouawa vitani na wale walioangamizwa na njaa iliyofuata, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hata hivyo, njia ina mawe na ni ya kupanda, na wagonjwa wasioweza kutembea waliachwa kanisani bila ibada yoyote. Katika mafungo yaliyoandaliwa kwa ajili yao, jambo hilo halikubaliki.

Udhaifu mwingine ni jioni ya shuhuda, ambapo msemaji mgeni alidai kwamba kila ugonjwa umetumwa na Mungu ili kumfundisha mgonjwa, akainukuu Warumi 5 juu ya dhiki iletayo saburi. Mtume Paulo aliandika hayo kutokana na dhiki zake mwenyewe; kumtamkia hivyo mama aliyefiwa na mtoto ni kurudia kosa la rafiki zake Ayubu, na waandaaji wangepaswa kulizuia. Muda wa kuzungumza na Padri faraghani nao ni mfupi mno.

Chakula ni ugali, mbaazi na samaki, kinatosha; vyumba ni safi na vina vyandarua.

Ninayapendekeza mafungo haya kwa aliyechoka kuambiwa ajikaze, awe Mkatoliki, Mwanglikana au Mlutheri, kwa kuwa sehemu kubwa ni Maandiko na ukimya. Anayemsindikiza mgonjwa ajiandikishe mapema, kwani wasindikizaji hulala chumba kimoja na wagonjwa wao, na vyumba hivyo hujaa kabla ya vingine.