Kupiga mbizi Unguja, kutoka ufukweni au kwa boti: uzoefu wangu nikitokea Goma

Sisi wa Goma tunaingia ziwani moja kwa moja kutoka kwenye mawe ya volkano, saa yoyote tunayotaka, kwa sababu maji ya Kivu hayaondoki mahali pake. Bahari ya Unguja haina tabia hiyo, na mtu wa ziwa anayepanga kwenda kupiga mbizi huko kwa mtungi wa hewa anapaswa kulijua jambo hili kabla ya kulinganisha bei. Nimezijaribu njia zote mbili katika kituo kimoja cha kaskazini ya kisiwa, na rai yangu ni kwamba ufukwe unafaa kwa kujifunza, bali anayetaka kuona matumbawe hana budi kulipia boti.

Mafunzo ya mwanzo tuliyafanyia Nungwi, ambako maji yakipwa hayaendi mbali sana kama upande wa mashariki. Mtungi, vipande vya madini ya risasi vya kumsaidia mtu azame, na koti la kuelea ni mzigo mzito kuubeba juu ya mchanga wenye joto, lakini ukishafika kwenye maji ya kifuani uzito wote unapotea, nawe unavaa mapezi ukiwa umeshika bega la mwenzako. Hapo ndipo uzuri wa ufukweni unapoonekana. Mwalimu alikuwa akipiga magoti chini mchangani mbele yetu, anatoa kipumulio mdomoni, anakirudisha, kisha anatungoja mmoja mmoja bila haraka, na aliyeshikwa na hofu alisimama tu, kichwa chake kikawa juu ya maji. Isitoshe, katika kina kidogo hewa haiishi haraka. Ukifika mita 10 shinikizo linakuwa maradufu ya lile la juu ya maji, na kila pumzi inachota hewa maradufu kutoka kwenye mtungi. Cha kutazama, hata hivyo, ni kichache: mchanga, nyasi za bahari, samaki wadogo wenye mistari, na wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi ambao wanakulazimisha kuangalia kila mahali unapokanyaga.

Niliomba tufanye mbizi ya ufukweni huko Matemwe pia, upande wa mashariki, kwa kuwa ramani inaonyesha mwamba wa matumbawe karibu sana na kijiji. Mwalimu alicheka kidogo akaniambia, «Kaka, leo bamvua, twende ukajionee.» Bamvua hutokea wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4 katika pwani ile. Tulipofika, bahari niliyoiona siku iliyotangulia ilikuwa imekwenda zake, na mahali pake palikuwa na uwanda mpana wa mchanga na vidimbwi, akina mama wakiwa wameinama kwenye kamba zao za mwani, na ngalawa zimelala ubavu. Kuufikia mwamba kwa miguu kungekuwa ni kutembea na mtungi mgongoni juu ya mawe makali, na kurudi kungekuwa kwa kukimbizana na maji yanayojaa. Kwa kuwa maji hubadilika takriban kila baada ya saa 6, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50, saa iliyokufaa leo haitakufaa wiki ijayo. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo ya kujaa na kupwa ni ndogo, hali ni ya upole zaidi, ila hakuna mtalii anayepanga likizo yake kwa kufuata mwezi.

Boti ndiyo iliyotupeleka Mnemba. Kisiwa chenyewe ni kidogo na ni cha hoteli, kwa hiyo mgeni wa kawaida hashuki nchi kavu, lakini mwamba unaokizunguka umo ndani ya eneo la hifadhi, na ada yake inaongezwa kwenye bei. Unakaa ukingoni mwa boti, mgongo ukielekea majini, mkono mmoja unabana miwani na kipumulio, mwingine unashika mkanda, kisha unajiachia kinyumenyume. Sekunde moja ni povu jeupe tupu. Povu likitawanyika, unaona mteremko wa matumbawe ukishuka chini hadi kwenye buluu, na samaki kwa makundi wasiojali kabisa kuwepo kwako. Kasa mmoja alikuwa akitafuna kitu kwenye mwamba, akatutazama, akaendelea na chakula chake. Hakuna mbizi ya ufukweni niliyofanya iliyokaribia jambo hilo.

Lawama yangu ni juu ya mpangilio. Boti ilijazwa watu, na wazoefu wakawekwa kundi moja na sisi wanagenzi. Mwanagenzi huvuta hewa kwa pupa, na kwa vile kila mtu anapaswa kupanda juu akiwa bado na takriban bar 50 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa mtungini) kati ya 200 alizoanza nazo, kundi zima linarudi kwa kumfuata yule mwenye hewa kidogo. Wazoefu walinuna, nami sikuwalaumu. Tena Mnemba yenyewe hujaa boti za watalii wa kuogelea juu juu, hasa asubuhi, na mlio wa mashine unasikika hadi chini.

Vilevile, aliyezoea boti za Goma na Bukavu asijidanganye kwamba tumbo lake ni la kibaharia. Mawimbi ya bahari ni marefu na ya polepole, na yanachafua tumbo zaidi boti inaposimama. Pepo za kusi zikivuma, katikati ya mwaka, upande wa mashariki huchafuka kweli kweli.

Kwa anayependa historia, mbele ya Mji Mkongwe kuna mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kulaza nyaya za telegrafu baharini iliyozama mwaka 1902. Nayo pia hufikiwa kwa boti.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa milimani kuliko wengine. Mbizi za boti huwa na kina kikubwa na hurudiwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo gesi ya naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi inabaki nyingi mwilini, nayo ni hatari ukipanda mapema mahali pa juu penye shinikizo dogo la hewa, na ushauri wa kawaida ni kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Anayerudi kwa njia ya nchi kavu hajasalimika, kwani barabara ya Kigali hadi Gisenyi, mpakani na Goma, hupita sehemu zinazozidi mita 2,000, na Goma yenyewe iko karibu mita 1,500. Kwa hiyo boti iwekwe siku za mwanzo. Wenzetu wawili walitaka kuzama asubuhi na kuruka jioni. Kituo kiliwanyima mitungi na kuwarudishia pesa zao papo hapo.