Tovuti ninazozirudia kila wiki

Kigezo changu ni kimoja: tovuti inionyeshe imejuaje hicho inachokisema. Waandishi wenye kalamu tamu ni wengi mtandaoni, lakini ninakorudi ni pale ambapo nikitilia shaka jambo, nabofya kiungo na kufika kwenye chanzo chenyewe.

Kwa kigezo hicho, Our World in Data inaongoza. Ilianzishwa na Max Roser wa Chuo Kikuu cha Oxford, na hukusanya takwimu za afya, umaskini, nishati, chakula na mengine mengi, kisha huzichora katika grafu ambazo msomaji anaweza kuzibadilisha mwenyewe: unachagua nchi, unasogeza miaka, unalinganisha. Chini ya kila grafu pameandikwa takwimu zilikotoka, na nyingi unaweza kuzipakua bure. Kurasa zao za vifo vya watoto nimezisoma mara nyingi. Kwa sehemu kubwa ya historia, karibu nusu ya watoto waliozaliwa walifariki kabla ya kufikia utu uzima. Leo, kwa dunia nzima, ni takriban 4 katika kila 100. Badiliko kubwa namna hiyo halikuwahi kuwa habari ya siku yoyote, kwa kuwa lilikuja kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Wala hawafichi upande wa pili, kwamba hao 4 katika 100 ni mamilioni ya watoto kila mwaka. Roser ameandika kwamba mambo matatu ni kweli kwa wakati mmoja: dunia ni mbaya, imekuwa nafuu sana kuliko zamani, na inaweza kuwa bora zaidi. Sijaona tovuti nyingine inayoyabeba yote matatu bila kuliacha moja.

Ukiisoma, kumbuka tu kwamba wastani wa nchi huficha tofauti zilizomo ndani yake. Mimi huisoma grafu pamoja na maelezo yake, kamwe si grafu peke yake.

Quanta Magazine ni ya sayansi na hisabati. Inagharamiwa na shirika la hisani la Simons Foundation, hivyo haina matangazo ya kukukatiza, na mwaka 2022 ilipata tuzo ya Pulitzer ya uandishi wa kufafanua. Humo ndimo nilimosoma habari za umbo la pande 13, lililotangazwa mwaka 2023, ambalo nakala zake zinaweza kufunika uso bapa usio na mwisho, na kila ukizipanga mpangilio haujirudii kamwe. Wanahisabati walikuwa wakilitafuta kwa miongo kadhaa. Aliyeliona ni David Smith, mtu anayependa maumbo tu, asiye mwanahisabati kwa kazi. Makala yao ni marefu na yanadai utulivu. Mimi huyawekea muda maalumu, maana ukiyasoma juujuu utatoka mikono mitupu.

Siku isiyo na muda, kuna Astronomy Picture of the Day ya NASA. Ilianza tarehe 16 Juni 1995, na kila siku huweka picha moja ya anga na aya fupi iliyoandikwa na mtaalamu wa falaki. Ukurasa ni mwepesi, hauna madoido, na kumbukumbu zote za nyuma zipo wazi. Kwa anayetaka kumzoesha mtoto kusoma mambo ya nyota, sina pa kumwelekeza palipo bora zaidi.

Hizo tatu ni za Kiingereza. Global Voices, iliyoanza mwaka 2004, ina pia ukurasa wa Kiswahili unaoandaliwa na wafasiri wa kujitolea, na habari zake hutoka katika nchi ambazo vyombo vikubwa huzitaja pakitokea maafa tu.

Zote nazifuata kwa RSS, si kwa mitandao ya kijamii. Unaweka anwani ya tovuti kwenye programu ya kusomea, na makala mapya yanakuja kwa mfuatano wa tarehe, bila mtu kukuchagulia. Google ilipofunga Reader, programu yake ya kusomea RSS, Julai 2013, wengi walidhani mambo yamekwisha, lakini teknolojia haikuwa mali yake. Programu nyingine zipo, baadhi za bure, na orodha yako unaweza kuihamisha kutoka moja hadi nyingine kwa faili moja la OPML.