Chumba cha kompyuta au kompyuta darasani?

Shule ya sekondari ikipata kompyuta, uamuzi mgumu ni wapi zikae. Zote kwenye chumba kimoja, au zigawanywe madarasani?

Chumba kimoja kina nafuu kubwa kwa utunzaji: mlango mmoja, kufuli moja, fundi anajua pa kwenda. Na kwa somo la kompyuta lenyewe sioni mpangilio bora zaidi, kwani mtu hajifunzi kuandika programu kwa kumtazama mwenzake.

Ila mfikirie mwalimu wa hisabati anayefundisha y = ax² + bx + c. Kwa GeoGebra, programu ya kuchora grafu aliyoianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001, anaburuta kitelezi cha a (kidude cha kubadili thamani yake kwenye skrini) kuelekea sifuri na darasa zima linaona: mkunjo unazidi kutanuka, a ikifika sifuri unanyooka kuwa mstari, ikiwa hasi unapinduka. Mwanafunzi akiuliza "na c je?", anaburuta c. Hayo yote hayamalizi dakika tano. Akilazimika kuomba chumba siku kadhaa kabla, kisha awahamishe wanafunzi, ataishia kuchora ubaoni, na swali lile litakuwa limepoa.

Ndiyo maana mimi naegemea darasani, hata kwa kompyuta moja na projekta. Vumbi na wizi ni kero za kweli. Kabati imara litahitajika. Intaneti si lazima kila siku: GeoGebra hupakuliwa ikatumika bila mtandao, na vivyo hivyo majaribio ya fizikia ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder.