Matundu ya vifungo: kwa mkono au kwa cherehani?

Anayeshona nakala ya koti la askari wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) anaweza kutumia cherehani kwenye mishono mirefu bila kupotosha historia, kwa kuwa mvumbuzi Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846 na wakandarasi wengi wa sare za jeshi walitumia cherehani. Makoti ya bohari ya jeshi ya Schuylkill, Philadelphia, ndiyo yaliyoshonwa kwa mkono. Matundu ya vifungo ni jambo jingine. Ya cherehani ya kisasa, yenye mshono wa zigizaga, hutambulika mara moja, ilhali ya mkono hukatwa kwanza, kisha ukingo ukazungushiwa uzi wenye vifundo vilivyobanana. Yanachosha vidole, kweli, lakini ningeyachagua hata kwenye koti lililoshonwa kwa mashine.