Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: yaliyotukuta kikundi chetu cha alizeti

Naona wengi wanauliza kama hii mikopo ya halmashauri inatoka kweli au ni maneno ya majukwaani. Inatoka. Sisi wanawake sita, huku kanda ya kati ya Tanzania, tuliomba shilingi milioni 12 za kununua alizeti na kukamua mafuta, tukapewa 7,200,000. Riba hakuna, hata senti. Ila hela iliingia mwezi wa 11, na hapo ndipo penye kisa.

Kwa asiyeijua: kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo hii, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hii, maana vikundi hewa vilizidi na madeni hayalipwi, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10 ziliteuliwa wakati huo kuanza kukopesha kupitia benki. Yetu haikuwamo, sisi tulipita kwenye mfumo wa mtandaoni na kamati zao.

Tulianza mwezi wa tatu. Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti, andiko la mradi, barua ya mtendaji wa kijiji, vyote afisa maendeleo ya jamii wa kata alitushika mkono, sina neno naye. Kilichotukwamisha ni herufi. Mweka hazina wetu jina lake la NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, linaanza na H, la benki linaanza na Kh. Mfumo ukagoma, na kikundi kizima kikakwama naye. Bodaboda kwenda wilayani na kurudi ni 8,000. Alikwenda mara nne. Mara mbili kati ya hizo jibu lilikuwa mtandao unasumbua, njoo kesho. Kesho ya kwao haina nauli.

Halafu kimya. Anayelima alizeti anajua Juni kunavyokuwa: kila ua kuna gunia, kila mtu anataka ada ya mtoto, bei iko chini. Kwetu gunia lilikuwa 42,000. Walanguzi na fuso zao wakapita nyumba kwa nyumba wakizoa, sisi tumekaa na andiko letu lenye muhuri. Hela ilipoingia gunia lilikuwa 70,000. Baada ya kutenga 900,000 za usafiri, kukamua na madumu, tulinunua magunia 90. Hela ileile mwezi wa sita ingenunua 150. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mkopo huu hauna gharama, nacheka kidogo.

Siku ya kwanza ya kukamua sitaisahau. Tulipanga foleni mashineni tangu alfajiri, umeme ukakatika gunia la nne likiwa tumboni mwa mashine. Mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, yakagandamana humo ndani yakawa kama tofali, fundi akayatoa kwa patasi huku sisi tunamulika kwa simu. Tulirudi nyumbani saa nne usiku tunanuka mafuta hadi kwenye nywele.

Cha ajabu, mashudu hayohayo ndiyo yaliyotubeba. Mafuta watu wanachukua kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye, utadai mpaka uchoke. Mashudu wafugaji wanayagombania, tena kwa taslimu.

Marejesho: tulipewa miezi mitatu ya kupumua, kisha 400,000 kila mwezi kwa miezi 18. Rejesho la pili lilitukuta mafuta hayajauzika, tukachangishana mifukoni, mmoja wetu akauza mbuzi. Hata hivyo siwezi kuufananisha na kausha damu, ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa. Jirani yangu alikopa huko 300,000, walikuja kumbebea godoro watoto wakiwa wamelalia.

Wanawake wenzangu, mkitaka huu mkopo, kwanza pangeni vitambulisho vyote mezani mlinganishe majina herufi kwa herufi, kabla ya kugusa mfumo. Pili, hesabuni nyuma kuanzia msimu: sisi ilichukua miezi minane. Na yule mwanachama anayesema hela ya serikali haidaiwi, muacheni nje mapema, maana inadaiwa, na mnadaiwa wote.

Alizeti mpya mashambani imeshaanza kuinamisha vichwa. Kwenye akaunti tuna 2,600,000, na safari hii fuso zikiingia kijijini zitatukuta tumeshapita.