Tiketi ya Bangkok hadi Singapore: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Kati ya Bangkok na Singapore kuna takribani kilomita 1,400 za angani, na ratiba nyingi huipa safari hiyo saa 2 na dakika 25 hivi, ukiwemo muda ambao ndege hujikongoja ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua. Kinachomchanganya mnunuzi mgeni ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Singapore imetangulia Bangkok kwa saa 1, kwa hiyo ndege inayoondoka Bangkok saa 4:00 asubuhi huandikwa kufika saa 7:25 mchana, ilhali inayorudi, ikiondoka saa hiyo hiyo, huandikwa kufika saa 5:25 asubuhi. Usilipe zaidi kwa kudhani kwamba ya pili ina mbio.

Kwa kuwa muda wa angani haupishani sana, mimi hupanga tiketi kwa kuangalia mzigo na uwanja. Kwa msafiri mwenye begi moja dogo, naiweka Scoot, shirika la ndege la nauli nafuu, mbele: huenda moja kwa moja, huruhusu kilo 10 za kuingia nazo ndani, na hutumia uwanja wa Suvarnabhumi, ambao una treni ya kwenda mjini hadi kituo cha Phaya Thai.

Mwenye sanduku kubwa afanye hesabu upya. Akichukua nauli ya bei nafuu, akaongeza ada ya sanduku, kiti cha kuchagua na chakula, mara nyingi hujikuta amekaribia nauli ya Singapore Airlines, ambayo tayari ina kilo 25 na mlo. Tofauti ikiwa ndogo, hiyo ndiyo inayopanda hadi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tatu naipa AirAsia, ambayo hutumia Don Mueang, uwanja mkongwe ulioko kaskazini mwa Bangkok. Nauli yake huvutia, lakini kikomo cha mzigo wa mkononi ni kilo 7, na kompyuta ikishaingia begini pamoja na chaja yake, kilo hizo huisha upesi. Kabla ya kulipa, tazama herufi tatu zilizo kando ya jina la Bangkok: DMK ni Don Mueang, BKK ni Suvarnabhumi. Anayeshuka kutoka ndege nyingine Suvarnabhumi kisha akanunua tiketi ya DMK atalazimika kuukata mji kwa gari, na foleni za Bangkok hazina huruma.

Ya mwisho kabisa ni tiketi ya kuunganisha Kuala Lumpur. Kwa kilomita haina hasara kubwa, maana mji huo uko karibu na njia yenyewe, na kutoka hapo hadi Singapore hubaki kama kilomita 300 tu. Hasara ni kusubiri: safari ya saa mbili na ushei hugeuka kuwa ya nusu siku, na tiketi mbili zikinunuliwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, nauli ya pili huwa imepotea. Naikubali pale tu msafiri anapotaka kulala Kuala Lumpur usiku mmoja.